Kabla ya kusahihisha bango, tulisome kwanza

Mkenya anayetoka kwake asubuhi kuelekea kazini husoma Kiswahili kingi kabla hajafika kituo cha matatu. Husoma onyo la mbwa kwenye geti la jirani, katazo la kutupa taka kwenye ukuta wa shule, bei ya chapati na maharagwe kibandani, jina la kinyozi, tangazo la fundi wa viatu na maneno yaliyochorwa ubavuni mwa matatu yenyewe. Huenda asifungue riwaya siku nzima, ila hayo ameyasoma. Hata hivyo, wataalamu wengi wa lugha huyachukulia maandishi hayo kama msitu wa kuwindia makosa. Huyapiga picha, wakayatuma kwenye vikundi vya WhatsApp, wakacheka kidogo, kisha kila mtu akarejea kwenye shughuli zake.

Katika makala ya leo ninatetea hoja moja. Bango ni matini kamili. Lina mwandishi, lina msomaji na, zaidi ya matini nyingine yoyote, lina mahali. Anayelihukumu kabla hajazingatia hayo matatu hajalisoma bado.

Kilichonichochea kuandika haya ni kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa nne wa sanaa katika chuo ninakofundisha. Sitamtaja jina kwa kuwa kazi yake ingali inatahiniwa. Binti huyu amejishughulisha kwa mwaka mzima na sanaa ya maandishi, yaani sanaa ambamo neno lenyewe ndilo mchoro. Amenakili vibao vya mitaani vilivyochorwa kwa mkono, akavifanyia majaribio, na sasa anataka kuvionyesha kama mradi wake wa mwisho. Jopo la watahini limemruhusu kwa sharti moja: asahihishe Kiswahili chote kabla hajavitundika. Alinijia ofisini na swali ambalo sijaacha kulitafakari. "Prof, nikishasahihisha, nitakuwa nimeonyesha nini?"

Jopo limeniomba maoni ya kimaandishi kabla halijakutana tena. Likishikilia sharti lake, binti atalazimika kuchora upya karibu kila kitu, na kile alichokuwa akichunguza kitapotea. Likiliondoa bila sababu za maana, watasema walimu wa lugha wamehalalisha makosa. Basi hebu tuianze safari mwanzo.

Neno kuchorwa ili litazamwe si jambo geni kwetu. Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, kuna msikiti wenye maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi yaliyochongwa kwenye mawe ya matumbawe, nayo yanataja mwaka wa Hijria unaolingana na 1107. Fundi aliyeyachonga alijua kwamba herufi inaweza kusomwa na pia kustaajabiwa kama pambo. Kanga nayo, pamoja na pindo na mji wake, ilianza kubeba maandishi mapema katika karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi. Maandishi hayo tunayaita jina la kanga. Mwanamke wa pwani huweza kununua kanga kwa ajili ya jina lake, akamfikishia jirani ujumbe ambao mdomo wake usingeutamka. Lubaina Himid, msanii aliyezaliwa Zanzibar mwaka wa 1954 na kushinda Tuzo ya Turner nchini Uingereza mwaka wa 2017, ameutumia muundo huohuo wa kanga, pambo likiwa na maneno, katika michoro yake.

Katika sanaa ya Magharibi, mwanafunzi wangu aliwasoma wengine. Mwaka wa 1929 Mbelgiji René Magritte alichora kiko, chombo cha kuvutia tumbaku, kisha chini yake akaandika kwa Kifaransa kwamba hicho si kiko. Watu walidhani ni mzaha, lakini alisema kweli tupu, kwani hakuna awezaye kuvuta tumbaku kwa mchoro. Mwaka wa 1965 Mmarekani Joseph Kosuth aliweka ukumbini kiti, picha ya kiti hicho, na maana ya neno 'kiti' kutoka kwenye kamusi, akawaachia watazamaji kazi ya kuamua kiti hasa ni kipi. Kuanzia mwaka wa 1977 Jenny Holzer alibandika kwenye kuta za Manhattan karatasi zenye sentensi fupifupi zisizo na jina la mwandishi, na mwaka wa 1982 sentensi zake zikaonekana kwenye ubao wa taa za matangazo pale Times Square. Barbara Kruger, aliyewahi kusanifu kurasa za majarida, alichukua mbinu za matangazo ya biashara na kumwelekezea mtazamaji viwakilishi, hasa 'wewe' na 'sisi'.

Lakini aliyemgusa zaidi binti huyu ni wa karibu nasi. Chéri Samba alizaliwa Kongo mwaka wa 1956. Alipohamia Kinshasa akiwa kijana alijifunza kazi kwa wachoraji wa mabango, kisha mwaka wa 1975 akafungua karakana yake. Samba amewahi kueleza kwamba aliona watu wakipita mbele ya picha, wanatupa jicho na kuendelea na safari. Akaona kwamba akiweka maandishi watalazimika kusimama wasome. Mwaka wa 1989 kazi zake zilikuwa Paris katika maonyesho makubwa yaliyoitwa Magiciens de la terre. Huko Lubumbashi nako kulikuwa na Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia nzima ya nchi yake katika miaka ya 1970, kila picha na maelezo yake. Maelezo yalikuwa kwa Kifaransa, lakini msomi Johannes Fabian alipoketi naye kuzijadili picha hizo walizungumza Kiswahili cha Katanga, na mazungumzo hayo yakazaa kitabu mwaka wa 1996. Kwa hivyo yule anayedai kwamba fundi wa mabango hana cha kumfundisha msomi amechelewa.

Sasa tuyatazame majaribio yenyewe. La kwanza alilijenga juu ya kazi ya Kosuth. Aliweka jiko la makaa, picha ya jiko hilo, na maana ya neno 'jiko' aliyoichora kwa mkono kutoka kwenye kamusi. Papo hapo Kiswahili kikamfanyia kitu ambacho kiti cha Kosuth hakikufanya. Jiko ni chombo cha kupikia, ni chumba cha kupikia na, kama tujuavyo sote, ni mke. Kijana 'akipata jiko' tunampa hongera, na hatuulizi amelinunua wapi. Mtazamaji mmoja, mama wa makamo anayefanya kazi katika ofisi za chuo, alisoma maana ya tatu, akalitazama lile jiko la bati lenye majivu, akauliza, "Kwani huyo ni mimi?" Kamusi ilikuwa imeandika maana hiyo kwa miaka na mikaka bila kumsumbua mtu. Ilipochorwa kubwa na kuwekwa kando ya chombo chenyewe, ikageuka hoja.

Jaribio la pili ndilo lililowakera watahini. Msomaji mpenzi, nani kati yetu hajakiona kibao cha MBWA KALI? Sarufi iko wazi. Mbwa ni kiumbe mwenye uhai, kwa hivyo upatanisho wake ni wa ngeli ya A-WA: mbwa mkali amelala, mbwa wakali wamelala. Kibao sahihi kingekuwa MBWA MKALI. Mwanafunzi alichora vibao viwili vya ukubwa mmoja, rangi moja na mchoro uleule wa mbwa mwenye meno nje. Kimoja kikasema KALI na kingine MKALI. Kisha akawauliza wapita njia ni geti lipi wangeogopa kuingia.

Wengi waliosimama walimwogopa mbwa kali. Mmoja alimwambia kwamba mbwa mkali ni wa kitabuni, huyo atakuuliza jina kwanza. Tucheke, kisha tufikirie. Kwa nini iwe hivyo?

Sababu ya kwanza ni ya kimofolojia. Neno 'mbwa' halibadiliki katika wingi, sawa na 'nyumba' au 'dawa' za ngeli ya I-ZI. Anayesema 'mbwa kali' anafuata umbo la nomino, kama vile tunavyosema dawa kali na pombe kali, ilhali Kiswahili sanifu hufuata maana, yaani uhai. Hilo ni kosa, lakini si kosa la ovyo. Lina kanuni yake. Tena aliyeandika kibao hicho ni fundi wa jua kali, na sifa hiyo 'kali' imo katika jina la kazi yake.

Sababu ya pili ni ya kisemantiki. Katika mazungumzo ya leo, 'mkali' amekuwa bingwa: mkali wa hesabu, mkali wa kufunga mabao. Kwa sikio la kijana, mbwa mkali anaweza kuwa hodari wa kitu fulani tusichoambiwa. Sababu ya tatu ni mazoea. Maneno MBWA KALI yameonekana kwenye mageti mengi kiasi kwamba hayasomwi tena kama nomino na kivumishi. Yamekuwa alama moja, kama lile fuvu la kichwa kwenye kibao cha umeme.

Hapa kuna jambo jingine ambalo Mfaransa Roland Barthes alilieleza mwaka wa 1964. Alisema kwamba picha peke yake huelea, ina maana nyingi, na maneno yanayoandamana nayo hufanya kazi ya nanga. Ukichora mbwa kwenye geti bila neno lolote, mpita njia anaweza kudhani hapo wanauza watoto wa mbwa, au kuna daktari wa mifugo. Neno 'kali' ndilo linaloitia picha nanga. Na nanga, ndugu msomaji, haiulizwi ngeli. Huulizwa kama imeshika.

Jaribio la tatu lilinifurahisha zaidi, maana nimefundisha viambishi kwa zaidi ya miaka 30 na sikuwahi kuona kiambishi kikifanya kazi namna hiyo. Alikichora kibao cha kawaida: USITUPE TAKA HAPA. Kisha kwa rangi ya rangi, mbele ya herufi ya kwanza, akaongeza T. Kikawa TUSITUPE TAKA HAPA. Herufi moja tu! Kabla ya T, mwenye ukuta anamwamuru mpita njia. Baada ya T, mwenye ukuta na mpita njia wako upande mmoja, na taka ni zao wote. Kruger alihitaji neno zima kuonyesha ni nani anayesemezwa. Kiswahili kinamaliza kazi hiyo kwa silabi moja, na mchoraji kwa herufi moja.

Kuna ziada. Mwanafunzi mmoja wa isimu aliyepita hapo aligundua kwamba 'usitupe' husomeka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni u-si-tup-e, kutokana na kitenzi 'tupa'. Ya pili ni u-si-tu-p-e, yaani usitupatie sisi. Usitupe taka hapa: usitupatie taka zako. Usomaji wote wawili unaingia ukutani barabara, na mkazo unabaki palepale. T ilipoongezwa, usomaji wa pili ukafifia, kwa sababu sasa mtoaji na mpokeaji wamekuwa watu walewale. Nina hakika fundi aliyechora kibao cha kwanza hakuyafikiria hayo. Lugha yake iliyafikiria kwa niaba yake.

Kabla ya jaribio la mwisho, nitaje alichojifunza kwa fundi mwenyewe. Binti alikaa majuma kadhaa na mzee mmoja anayechora vibao kando ya barabara. Mzee huanza kwa uzi uliopakwa chaki, anaukaza na kuupiga ubaoni upate mstari ulionyooka. Hesabu herufi, tafuta ya katikati, anzia hapo uelekee pembeni, ndipo rangi ya mafuta na brashi. Tatizo lake kubwa ni sarufi yetu. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi, maneno hurefuka, na ubao haurefuki. TUNATENGENEZA ina herufi 13. Ikikosa nafasi lazima ikatwe, na mzee hukata TUNATE- juu, NGENEZA chini. Hajaingia darasa la fonolojia hata siku moja, lakini anajua kwamba silabi ya Kiswahili aghalabu huishia kwa irabu na kwamba 'nge' haipasuliwi. Mabango yanayochapishwa kwa kompyuta wakati mwingine hukata TUNATENG- kisha ENEZA, kwa kuwa programu haikufunzwa silabi zetu. Kwa hiyo mzee anayeandika 'mbwa kali' ndiye huyohuyo anayekata silabi kwa usahihi kuliko mashine. Tukimpima kwa kosa moja pekee, tutakuwa tumesoma nusu ya ujuzi wake.

Jaribio la mwisho halikukamilika, na hilo ndilo lililonishawishi. Nje kidogo ya jiji la Nairobi, mwanafunzi alikiona kibao kikongwe cha bati, kutu imekula pembe, maandishi yamepauka: SHAMBA HILI HALIUZWI. Vibao vya aina hiyo tunavijua. Sentensi kanushi huwa na dhana tangulizi. Mtu hasemi shamba haliuzwi ila pale ambapo kuna mtu anayesema, au anayeweza kusema, kwamba linauzwa. Kibao hicho kinajibu sauti ambayo haikuandikwa. Nyuma yake kuna hofu ya matapeli wanaouza ardhi wasiyoimiliki, na familia zinazoamka na kukuta mawe ya ujenzi kwenye mahindi yao.

Binti alimtafuta mwenye shamba, ajuza mmoja, akamwomba amuazime kibao kwa majuma mawili ya maonyesho. Aliahidi kukirudisha, hata akajitolea kukipaka rangi upya.

"Shosho, ni wiki mbili tu," alimwambia.

"Mjukuu wangu," ajuza akamjibu, "ukiking'oa leo, kesho shamba litakuwa linauzwa."

Mwaka wa 1997 wasomi Rodrigue Landry na Richard Bourhis waliandika kuhusu kile tunachoweza kukiita mandhari-lugha, yaani lugha inayoonekana kwenye ishara za barabarani, majina ya mitaa, maduka na majengo ya serikali. Mwaka wa 2003 Ron Scollon na Suzie Wong Scollon wakaongeza kwamba ishara hupata maana yake kutokana na mahali halisi ilipowekwa. Nimeyafundisha hayo madarasani. Ajuza yule aliyasema yote kwa sentensi moja. Neno 'hili' katika SHAMBA HILI haliashirii kitu chochote kibao kikiwa ndani ya ukumbi. Mwanafunzi alirudi na picha, akachora nakala. Nakala inapendeza, kutu yake imechorwa kwa ustadi, lakini ukiisoma ukumbini utajiuliza: shamba lipi? Hapo alijua kwamba ameonyesha jambo kubwa kuliko alilokusudia.

Narudi sasa kwenye swali la jopo. Wenzangu wanaotaka kila kitu kisahihishwe wana hoja, na si haki kuwafanyia dhihaka. Wanasema wanafunzi wa shule watakuja kutazama maonyesho, wataona MBWA KALI imetundikwa chuo kikuu, na mwezi wa mtihani wataiandika kwenye insha. Ninaikubali hofu hiyo nusu. Lakini mwanafunzi huyo amekwisha kuiona MBWA KALI kwenye geti la kwao tangu alipoanza kusoma. Asichowahi kukiona ni maelezo: kwa nini imeandikwa hivyo, sanifu ni ipi, na tofauti ya hizo mbili inafanya nini kwa msomaji. Maelezo hayo hayawezi kutolewa ikiwa kielelezo chenyewe kimefutwa.

Aidha, mabango hayako sawa yote. Ninayagawa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni mabango ya mamlaka na huduma: hospitali, barabara, umeme, mahakama, vituo vya kupigia kura. Hapa sina msamaha. Lugha iwe sahihi, iwe wazi, na iwe lugha ambayo mwananchi anaielewa. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni mojawapo ya lugha mbili rasmi. Mgonjwa mzee anayezunguka hospitalini akitafuta maabara kwa sababu kila kibao kimeandikwa Kiingereza ananyimwa huduma na ubao. Waingereza walilichukulia jambo hili kwa uzito. Jock Kinneir na Margaret Calvert walipobuni ishara mpya za barabara, zilizoanza kutumika rasmi Januari 1965, waliacha mtindo wa kuandika majina ya miji kwa herufi kubwa tupu wakachanganya kubwa na ndogo, kwa hoja kwamba dereva aliye mwendoni hutambua umbo la neno zima. Umbo la herufi lilijadiliwa kwa sababu lilihusu maisha ya watu. Sisi tunajadili lini vibao vya hospitali zetu?

Kundi la pili ni mabango ya watu binafsi: kinyozi, mama mboga, mwenye mbwa, mwenye shamba. Haya tuyasome kwanza. Mwenye kibao akitaka kusaidiwa tumsaidie, na iwe kwa heshima. Akiwa hajatuuliza, kumpiga picha na kumsambaza ili wenye shahada wacheke si uhifadhi wa lugha. Mbona hatucheki hivyo mabango ya makampuni makubwa yenye tafsiri mbovu yanapotundikwa barabara kuu?

Kundi la tatu ni mabango ya msanii. Msanii ana uhuru wa kuvunja kanuni, mradi aijue kanuni anayoivunja na aweze kueleza kilichopatikana kwa kuivunja. Asiyejua kwamba sanifu ni 'mbwa mkali' hawezi kulifanya jaribio lile. Kwa mantiki hiyo, maonyesho haya yanamdai binti Kiswahili zaidi ya kile alichodaiwa na jopo.

Basi maoni niliyoliandikia jopo ni haya. Vibao vilivyonakiliwa kutoka mitaani vibaki vilivyo, herufi kwa herufi. Kando ya kila kimoja kuwe na maelezo mafupi kwa Kiswahili sanifu yanayotaja umbo sanifu na kufafanua hilo jingine, bila kejeli. Maandishi yote ambayo ni ya mwanafunzi mwenyewe, yakiwemo maelezo, kijitabu cha maonyesho na vibao vya kuelekeza wageni, yasahihishwe bila huruma, na hapo kalamu nyekundu ni yangu. Kazi za fundi zitajwe kuwa za fundi, kwa idhini yake, na alipwe kama mwalimu mwingine yeyote anavyolipwa. Ajuza naye aalikwe kuja kuona nakala ya kibao chake, nauli ikilipwa na idara.

Hili la malipo nililiandika makusudi. Bango lililochapishwa kwa mashine hutoka haraka, na wachoraji wa mkono wanazidi kukosa kazi. Yule mzee alimwambia binti kwamba mwanawe hakutaka kuirithi brashi. Ujuzi wa kukata neno refu ubaoni bila kupasua silabi hauko katika kitabu chochote nilichonacho rafuni. Ukiondoka naye, umeondoka.

Kwa walimu wa Kiswahili wanaosoma safu hii, nina ombi linaloweza kutekelezwa juma hili, bila bajeti. Mwambie kila mwanafunzi anakili kibao kimoja alichokiona njiani, kama kilivyo. Darasani mjibu maswali manne. Nani amekiandika? Kinamsemeza nani? Kiko mahali gani? Kikiondolewa, ni nini kitakachobadilika hapo kilipokuwa? Mkishamaliza hayo manne, fungueni sarufi mjadili upatanisho, viambishi na ukataji wa silabi. Mtaona kwamba somo la ngeli, ambalo wanafunzi hulilalamikia kila muhula, lilikuwa likiwasubiri kwenye geti la jirani.